Wagonjwa Wachache, Safari Ndefu: Mafunzo ya Gari la Wagonjwa katika Vijiji vya Marekani

Nchini Marekani, mafunzo ya mhudumu wa dharura hayakamiliki darasani. Baada ya masomo ya vitabuni na mazoezi ya kukandamiza kifua cha mdoli, mwanafunzi hutakiwa kupanda gari la wagonjwa akiwa mtu wa tatu, yaani nyongeza juu ya wahudumu wawili wa zamu, na kumpima na kumhudumia mgonjwa halisi chini ya macho ya mhudumu mwenye leseni, ambaye katika sura hii ataitwa mwelekezi. Sharti hilo, ambalo kwa mwanafunzi wa Chicago au Houston ni suala la kupanga ratiba tu, huwa gumu kwa mwanafunzi wa Montana, Nebraska au kaskazini mwa Maine, ambako zamu ya saa 24 inaweza kwisha bila simu hata moja, na ambako simu ikilia huenda mgonjwa yuko shambani kilomita 40 kutoka kituoni, huku hospitali ikiwa mbali zaidi ya hapo, tena upande wa pili. Mazungumzo kuhusu wanafunzi hawa huishia mara nyingi kwenye uchache wa wagonjwa. Uchache huo ni hasara ya kweli na haufai kufunikwa. Hata hivyo zamu za kijijini hufundisha jambo ambalo utaratibu wa kuhesabu wagonjwa haukuundwa kulipima, nalo ni kukaa na mgonjwa mmoja kwa muda mrefu, msaada ukiwa mbali.

Ngazi za taaluma hii zinahitaji kufafanuliwa kwanza, kwa kuwa jina la mhudumu wa ambulensi hujumuisha watu wenye ujuzi tofauti sana. Mwongozo wa kitaifa unatambua ngazi 4. Ya chini kabisa ni ya mtoa huduma ya kwanza, ambaye aghalabu ni askari wa zimamoto au mwanakijiji aliyefundishwa kuzuia damu na kuamsha moyo mpaka gari lifike. Inayofuata ni ya fundi wa tiba ya dharura, anayejulikana kila mahali kwa herufi EMT, ambaye husoma kwa takriban saa 120 hadi 190 kutegemea jimbo, na ambaye anaruhusiwa kutoa oksijeni, kufunga banzi, kuzalisha, kutumia mashine ya kushtua moyo inayojiendesha yenyewe na kutoa dawa chache kama aspirini na naloksoni. Juu yake yuko EMT wa daraja la juu, anayeweza kutundika dripu na kutoa dawa kadhaa zaidi, na kileleni yuko paramediki, ambaye mafunzo yake hupita saa 1,000 na ambaye husoma mchoro wa umeme wa moyo, huingiza mrija wa kupumulia kooni na hubeba sanduku la dawa ambalo kwingineko lingeshikwa na daktari peke yake. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuona gari la wagonjwa likiwa na dereva na muuguzi anayesindikiza rufaa, atambue kwamba katika mfumo huu hakuna daktari wala muuguzi garini kwa kawaida. Maamuzi hufanywa na hao EMT na paramediki kwa kufuata maagizo ya kudumu, yaani taratibu za maandishi zilizotiwa saini mapema na daktari msimamizi wa kituo.

Mfumo huu una historia fupi kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1966 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti iliyoviita vifo vya ajali ugonjwa uliopuuzwa na jamii ya kisasa, na miongoni mwa mambo iliyofichua ni kwamba karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa nchini ilikuwa mikononi mwa kampuni za mazishi, kwa sababu moja tu ya kiutendaji, kuwa magari yao yaliweza kubeba mtu aliyelala. Dereva wa gari hilo hakuhitajika kujua lolote kuhusu tiba, na mgonjwa alisafirishwa kama mzigo mpaka mlangoni mwa hospitali. Sheria ya usalama barabarani ya mwaka huohuo iliipa serikali ya shirikisho mamlaka ya kuweka viwango, na mwaka 1970 kikaundwa chombo cha kitaifa cha kusajili na kutahini wahudumu. Simu ya kwanza ya namba 911 ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 katika Haleyville, mji mdogo wa Alabama ambao wengi hawawezi kuuonyesha kwenye ramani. Mambo mengine karibu yote yaliyoijenga taaluma hii yalitoka katika miji mikubwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Pittsburgh, ambako mwaka 1967 daktari Peter Safar, bingwa wa nusukaputi aliyechangia sana kuunda njia ya kuamsha moyo na pumzi inayotumika hadi sasa, alishiriki kuanzisha huduma iliyoitwa Freedom House katika mtaa wa watu weusi wa Hill District. Vijana wa mtaa huo, wengi wao wakiwa hawana ajira, walifundishwa kwa mamia ya saa katika wakati ambapo madereva wengi nchini walikuwa na huduma ya kwanza tu, na wakawa miongoni mwa paramediki wa mwanzo kabisa wa Marekani hadi jiji lilipoifunga huduma yao mwaka 1975. Daktari wao msimamizi wa miaka ya mwisho, Nancy Caroline, aliandaa mtaala ambao serikali ya shirikisho iliufanya msingi wa mafunzo ya paramediki nchi nzima, kisha akaandika kitabu cha kiada ambacho, katika matoleo yaliyofanyiwa marekebisho, kinaendelea kutumika vyuoni. Daktari huyo hakubaki mjini maisha yake yote, kwani katika miaka ya 1980 alihamia Kenya na kufanya kazi na shirika la AMREF, lile lenye madaktari warukao kwa ndege hadi vituo vya mbali. Lakini mtaala wake ulizaliwa katika mitaa ya Pittsburgh, ambako simu zilifuatana, hospitali zilikuwa karibu, na mwanafunzi hakuwa na shaka kwamba kabla ya jua kuzama angekutana na mgonjwa mwingine.

Urithi huo unaonekana katika namna umahiri unavyopimwa. Viwango vya kitaifa vya elimu vilivyotolewa mwaka 2009 vilitaka mwanafunzi wa EMT afanye uchunguzi kamili wa wagonjwa 10, na kwa paramediki hesabu ni ndefu zaidi, kwa kuwa ni lazima aonyeshe idadi fulani ya watoto, wazee, wajawazito, majeruhi, wenye maumivu ya kifua na wenye shida ya kupumua, kisha katika hatua ya mwisho aongoze matukio yeye mwenyewe, akitoa maagizo huku mwelekezi wake akinyamaza. Tangu mwaka 2013 paramediki hawezi kufanya mtihani wa kitaifa asipotoka katika chuo kilichopata ithibati, na ithibati hiyo hukifanya chuo kiwe makini sana na safu za kujazwa. Utaratibu huo una mantiki, kwani hauwezi kumwachia mtu aguse mgonjwa kwa sababu tu alihudhuria darasani. Kasoro yake ni kwamba mgonjwa aliyefikishwa hospitalini kwa dakika 6 na mgonjwa aliyehudumiwa kwa dakika 75 katika barabara ya theluji huhesabiwa sawa, kila mmoja akiwa alama moja katika safu.

Umbali wenyewe umepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la upasuaji la chama cha madaktari wa Marekani ulionyesha kwamba muda wa kawaida kati ya simu ya 911 na gari kufika ni dakika 7 kwa nchi nzima, lakini huzidi dakika 14 vijijini, na karibu mgonjwa 1 kati ya 10 wa vijijini husubiri kama nusu saa. Mwaka 2023 kituo cha utafiti wa afya ya vijijini cha Maine kilikagua majimbo 41 na kukuta kwamba watu wapatao milioni 4.5 wanaishi katika maeneo yaliyo zaidi ya dakika 25 kutoka kituo chochote cha gari la wagonjwa. Hapo bado hospitali haijafikiwa. Hospitali ndogo za vijijini, zile ambazo sheria ya mwaka 1997 inazilinda kwa malipo maalumu zikiwa na vitanda visivyozidi 25 na, kwa kanuni ya kawaida, zikiwa zaidi ya kilomita 56 kutoka hospitali nyingine, zinaweza kumtuliza mgonjwa lakini mara nyingi hazina bingwa wa moyo wala wa ubongo, na kila moja inayofungwa huongeza safari ya magari yote ya kaunti yake.

Katika kituo cha namna hiyo, sehemu kubwa ya zamu ya mwanafunzi hupita kabla ya simu yoyote, na hapo ndipo waelekezi hodari hutofautiana na wale wanaomwacha atazame televisheni. Kazi ya kwanza ya zamu ni ukaguzi wa gari, ambao mjini hufanywa haraka kwa kuwa stoo iko karibu na gari jingine liko mtaa wa pili. Kijijini ukaguzi huo ni tiba iliyotangulizwa. Mfano mzuri ni oksijeni. Mtungi mdogo unaobebwa mkononi, ambao huitwa wa saizi D, ukijaa husoma pauni 2,000 kwa kila inchi ya mraba, na wanafunzi hufundishwa kutoa 200 za akiba, kuzidisha kinachobaki kwa kigawe cha mtungi, ambacho kwa D ni 0.16, kisha kugawanya kwa lita zinazotoka kila dakika. Mgonjwa anayehitaji lita 15 kwa dakika atautumia mtungi huo kwa dakika 19 tu. Mtungi mkubwa uliofungwa ndani ya gari, wa saizi M, una kigawe cha 1.56, na kwa kiwango hichohicho utadumu saa 3 na dakika chache. Darasani hesabu hiyo ni swali la mtihani ambalo wengi hulisahau kesho yake. Kituoni, mwanafunzi akiambiwa kwamba kutoka nyumba ya mwisho ya kaunti hadi hospitali ni dakika 80, na kwamba mtungi mkubwa unasoma 700, atagundua mwenyewe kuwa zimebaki dakika 52 na kwamba mtungi lazima ubadilishwe kabla ya chai. Hivyohivyo kwa betri za mashine ya kufyonza makohozi, pedi za watoto za mashine ya kushtua moyo, na tarehe za mwisho za dawa ambazo, kwa kuwa hazitumiki mara kwa mara, huharibikia sandukuni pasipo mtu kujua.

Simu ikija, somo hubadilika. Kanuni ya kawaida ni kwamba vipimo vya msingi, yaani mapigo, shinikizo la damu, upumuaji, oksijeni ya damu na kiwango cha fahamu, hurudiwa kila baada ya dakika 15 kwa mgonjwa aliye imara na kila baada ya dakika 5 kwa asiye imara. Katika safari ya mjini ya dakika 8 mwanafunzi hupata kipimo kimoja, labda viwili, na mgonjwa humfikia kama picha iliyosimama. Katika safari ya saa nzima na mkulima aliyebanwa tumbo na trekta, atapata vipimo 12 au zaidi, na ataona kwa macho yake kitu ambacho vitabu hukisimulia tu, kwamba mtu mwenye nguvu anayevuja damu ndani hulihifadhi shinikizo lake kwa muda mrefu huku mapigo yakipanda kidogo kidogo, kutoka 96 hadi 108 hadi 122, ngozi ikianza kupoa na kulowa jasho, maneno yakipungua, mgonjwa akianza kuuliza swali lilelile mara ya pili, kabla shinikizo halijaporomoka ghafla. Aliyeona mwendo huo mara moja tangu mwanzo hadi mwisho anaelewa kwa nini shinikizo la kawaida si habari njema peke yake. Ujuzi huo hauingii kwa kuona mianzo kumi ya wagonjwa kumi tofauti ambao miisho yao ilibaki hospitalini.

Safari ndefu hudai pia mambo madogo ambayo hayana alama katika fomu yoyote. Banzi lililofungwa vyema kwenye eneo la tukio hukaza mguu unapovimba, kwa hiyo mapigo ya unyayo lazima yapapaswe tena na tena; mgonjwa aliyelazwa juu ya ubao mgumu huanza kuumia mgongo kwa ubao wenyewe; mzee huhitaji blanketi la pili na pengine haja ndogo; na mazungumzo, ambayo mjini hukatwa na mlango wa hospitali, hapa huendelea mpaka mgonjwa aseme jambo alilolificha mbele ya mkewe, kuwa dawa za moyo aliacha kuzinywa mwezi uliopita kwa sababu ya bei. Historia ya ugonjwa, ambayo wanafunzi huikariri kwa herufi za kwanza za maswali, hugeuka kuwa mazungumzo halisi, na huenda hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ambazo mwanafunzi wa kijijini huondoka nazo.

Jambo jingine ni uamuzi wa wapi pa kwenda. Mjini swali hilo hujibiwa na umbali wa vitalu kadhaa, ilhali kijijini ni hesabu ya saa dhidi ya uwezo. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa mgonjwa wa kiharusi hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kuwauliza jamaa alionekana lini akiwa mzima, si aligunduliwa lini. Kwa mgonjwa ambaye mshipa wa moyo umeziba kabisa, mwongozo husema kwamba ikiwa hawezi kufikishwa kwa bingwa wa kuufungua mshipa ndani ya dakika 120 tangu mhudumu wa kwanza alipomgusa, basi apewe dawa ya kuyeyusha bonge katika hospitali iliyo karibu. Wahudumu wa ngazi ya EMT wanaweza kuomba kukutana njiani na gari lenye paramediki linalotoka mji mwingine, na mgonjwa akaendelea na safari akiwa na mhudumu wa ngazi ya juu. Wanaweza pia kuita helikopta, na hapo mwanafunzi hujifunza kuandaa uwanja wa kutua wa kama mita 30 kwa 30, usio na nyaya za umeme wala mabati yaliyolegea, na kutoisogelea kamwe helikopta kutoka nyuma, upande wa pangaboi la mkia. Uamuzi wa kuita au kutoita hufanywa mara nyingi katika bonde ambalo simu za mkononi hazina mtandao na redio husikika nusu nusu, na kwa sababu hiyo maagizo ya kudumu, ambayo mwanafunzi wa mjini huyasoma ili afaulu, kijijini husomwa kwa kuwa huenda hakutakuwa na daktari wa kuulizwa.

Yote hayo hayaondoi pengo. Yapo mambo ambayo mkono hujifunza kwa kurudia tu, na kurudia huhitaji wingi. Mwanafunzi wa paramediki hawezi kuwa mahiri wa kuingiza mrija wa kupumulia kwa kusubiri wagonjwa wa kaunti yenye wakazi elfu tatu, na hata ujuzi wa kukandamiza kifua hufifia ndani ya miezi michache usipotumiwa. Kujivunia ugumu wa kijijini, tabia inayosikika sana miongoni mwa wahudumu wakongwe, hakumsaidii mgonjwa ambaye koo lake limevimba na aliye mbele yake hajawahi kulifungua koo la mtu aliye hai. Vyuo vya vijijini vyenye uongozi makini huwapeleka wanafunzi kwa vipindi katika chumba cha upasuaji, ambako huingiza mirija chini ya uangalizi wa bingwa wa nusukaputi kwa wagonjwa waliokwisha lazwa usingizi, katika idara ya dharura ya hospitali ya rufaa, na katika vituo vya jiji vyenye simu nyingi, ambako hulala katika nyumba za kukodi na kumaliza kwa wiki kadhaa hesabu ambayo nyumbani ingechukua mwaka. Viwango vya 2009 vyenyewe viliacha mlango wazi kwa EMT, kwani viliruhusu uchunguzi ufanywe katika kliniki, katika nyumba za kutunzia wazee, na pale ambapo hakuna nafasi ya aina hiyo, kwa watu waliofundishwa kuigiza ugonjwa.

Nafasi za karibu hupuuzwa kuliko inavyostahili. Safari za kuwahamisha wagonjwa kati ya hospitali, au kuwarudisha nyumbani wagonjwa wa figo baada ya kusafishwa damu, hudharauliwa na wanafunzi wanaotamani king'ora, ingawa mgonjwa wa figo ni miongoni mwa walimu bora wa mapigo yasiyo ya kawaida, shinikizo lisilotabirika na orodha ndefu ya dawa. Mashindano ya kupanda farasi wakali, maonyesho ya kilimo ya kaunti na mechi za mpira wa shule za sekondari huhitaji gari la wagonjwa lisimame pembeni, na hapo mwanafunzi hupata vifundo vya miguu vilivyoteguka, watu waliozidiwa na jua na, mara moja moja, moyo uliosimama. Msimu wa mavuno huleta ajali za mhimili wa trekta unaozungusha mashine na za watu waliozama katika maghala ya nafaka, ajali ambazo hospitali ya mafunzo ya jijini inaweza kukaa miaka bila kuziona.

Kuna hatari ya upande mwingine ambayo vitabu huigusa kwa adabu mno. Vituo vingi vya vijijini huendeshwa na watu wanaojitolea, walimu, wakulima na mafundi wanaobeba kifaa cha kuitia kiunoni na kuacha kazi zao kikilia, na idadi yao imekuwa ikipungua huku umri wao ukipanda, hasa mchana ambapo vijana wako kazini mbali na nyumbani. Tangu sheria ya bajeti ya mwaka 1981 ilipounganisha fedha za shirikisho za huduma hii na nyingine na kuyaachia majimbo yajipangie, si kila jimbo linalolazimika kisheria kuhakikisha kuna gari la wagonjwa kama inavyolazimika kuwa na polisi. Katika hali hiyo kituo chenye upungufu humwona mwanafunzi kuwa mkono wa bure. Kanuni za ithibati zinakataza waziwazi mwanafunzi kutumiwa badala ya mfanyakazi, na kanuni hiyo ipo kwa ajili ya mgonjwa kama ilivyo kwa ajili ya mwanafunzi. Gari lisiloweza kuondoka bila mwanafunzi halina wahudumu wa kutosha, na kumvalisha beji hakubadilishi ukweli huo. Mpango unaokubalika, na unaotumika sana, ni kituo kumlipia mkazi ada ya kozi kwa ahadi ya kukitumikia kwa muda fulani baada ya kupata leseni, masharti yakiandikwa kabla ya kuanza.

Ukaribu wa watu wa kijiji una uzito wake. Mwanafunzi wa jiji hukutana na mgonjwa asiyemjua na hatamwona tena, lakini wa kijijini anaweza kuingia jikoni na kumkuta sakafuni mwalimu wake wa darasa la nne. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inayolinda siri za afya hukataza kutaja taarifa za mgonjwa nje ya wanaohusika na tiba yake, na mjini kuficha jina hutosha kwa kiasi fulani. Katika mji wa watu mia nane, kusema tu kwamba jana kulikuwa na mgonjwa wa moyo kwenye barabara ya kinu ni sawa na kumtaja kwa jina. Mwelekezi anapaswa kumwambia mwanafunzi mapema kwamba anaweza kuomba abadilishwe kazi, ashike machela au redio, ikiwa mgonjwa ni ndugu, na baada ya tukio zito akae naye kabla hajarudi nyumbani peke yake, kwa kuwa kesho yake atakutana na familia ileile dukani.

Hata lugha huingia garini. Katika miji midogo yenye viwanda vya nyama katika majimbo kama Iowa, wakimbizi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili wamekuwa sehemu ya wafanyakazi, na mhudumu anayekutana na mama mwenye uchungu wa kuzaa asiyejua Kiingereza hutegemea mkalimani wa simu, mtandao ukiwepo, au mtoto wa mgonjwa, jambo ambalo halifai kabisa inapohusu ujauzito au ridhaa ya matibabu. Kijana wa familia hizo anayejiunga na mafunzo haya huleta garini uwezo ambao hakuna kozi ya saa 190 inayoweza kuutoa, na ni ajabu kwamba vituo vinavyolalamikia uhaba wa watu haviwatafuti vijana hao kwa bidii.

Kwa mwanafunzi anayeishi mashambani na kukusudia kufanya kazi hukohuko, utaratibu unaofaa ni kuanza kwa zamu chache za nyumbani ili alijue gari na vifaa vyake, kisha kwenda mjini au katika hospitali ya rufaa kutafuta wingi, na kurudi kumalizia kijijini wakati tayari mikono imezoea, ili safari ndefu zimfundishe maamuzi badala ya kumhangaisha na namna ya kufunga kipimo cha shinikizo. Afuatilie pia, kwa ruhusa na kwa njia zinazolinda siri, hatima ya wagonjwa aliowafikisha, na katika kumbukumbu zake aandike dakika alizokaa na kila mmoja, hata kama fomu ya chuo haiulizi. Cheti cha kitaifa hudumu miaka 2 tu, na EMT huhitaji saa 40 za masomo endelevu ili kukihuisha, paramediki saa 60. Kwa mhudumu wa kituo kinachoitwa mara moja kwa wiki, saa hizo huenda zikawa nafasi pekee ya uhakika ya kushika vifaa ambavyo hajavitumia tangu alipokuwa mwanafunzi.